Maarifa Kabla ya Msaada: Funzo la Goma, 1994

Kazi ya misaada ya kibinadamu, yaani juhudi za kuokoa maisha na kulinda utu wa watu waliokumbwa na vita, njaa au majanga bila kubagua upande wao, hudhaniwa na wengi kuwa yahitaji kwanza moyo wa huruma, na kwamba ujuzi utapatikana hukohuko kazini. Makala haya yanapinga dhana hiyo, kwa kuwa historia ya Maziwa Makuu inaonyesha jinsi huruma isiyo na maarifa inavyoweza kushindwa kuokoa maisha ambayo yangeokolewa.

Julai 1994, katika muda wa siku chache, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkano, hivyo ilikuwa vigumu kuchimba vyoo, na wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu. Kipindupindu kikalipuka, kikafuatwa na kuhara damu, na vifo vya mwezi wa kwanza vikakadiriwa kufikia 50,000. Ikumbukwe kwamba kipindupindu hutibiwa kwa kurudisha mwilini maji na chumvi zilizopotea: asiyezidiwa hunyweshwa mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ilhali aliyezidiwa huwekewa dripu inayotiririka kwa kasi. Hata hivyo, wataalamu kutoka Bangladesh, nchi iliyoishi na ugonjwa huo kwa vizazi, walieleza katika utafiti uliochapishwa 1995 kwamba vituoni wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari hayakutumiwa ipasavyo, na wahudumu walipungukiwa uzoefu. Wahudumu hao walikuwa wamesafiri mbali kwa nia njema isiyotiliwa shaka, na hilo ndilo linaloufanya msiba huo uumize zaidi.

Kutokana na msukosuko huo, mashirika ya misaada yalianzisha mwaka 1997 mradi wa Sphere, uliotunga viwango vya chini vya huduma, kama vile lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Kitabu chake hupatikana bila malipo, na anayetaka kuchangia hana budi kuanza nacho, kisha apate mafunzo ya huduma ya kwanza yanayotolewa na vyama vya Msalaba Mwekundu, kwa sababu majanga yanapotokea, jirani ndiye hufika kabla ya ndege yoyote. Asiye na wasaa wa kujifunza ni heri atoe fedha kuliko marobota ya mitumba, yanayojaza maghala na malori; wakati wa ukame wa 2011 Wakenya walichangiana kwa M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, na hata mchango wa shilingi 10 ulipokewa. Msomaji aliye karibu na tawi la Msalaba Mwekundu na aulizie ratiba ya mafunzo kabla mvua za masika hazijaanza.