Pilipili Ilikuja na Nani?

Bibi yangu wa Faza ukimuuliza pilipili imetoka wapi, atakwambia haikutoka popote, ni yetu. Huitwanga kwenye kinu na chumvi, thumu na ukwaju, na ole wako ujiguse macho.

Jina ni letu kitambo, kweli. Lakini zamani pilipili ilikuwa ile nyeusi ya India. Hii nyekundu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioileta Bahari ya Hindi baada ya 1498. Ilipofika ikanyakua jina, na mwenyeji akabaki kuitwa pilipili manga, utadhani yeye ndiye mgeni! Hata Georgia, kwenye milima ya Kaukazi, wanaitwanga na chumvi na thumu, wanaiita adjika, na wanaapa ni ya mababu zao.

Kinachoniwasha mimi ni kwamba mwaka 1587 Wareno hao hao waliibomoa Faza, wakaua watu na kukata minazi.

Nikamhadithia Bibi. Akatwanga kimya kwa muda.

“Na hao Wareno sasa wako wapi?” akauliza. “Hebu niletee chumvi.”