Sauti ya Mwanafunzi Kandoni mwa Barabara ya Ngong

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Ngong hufika Adams Arcade, yale maduka yaliyojengwa katika miaka ya 1950 na mfanyabiashara Abdul Habib Adam, ambayo yalikuwa hata na sinema yake, Metropole, ambamo filamu za ng'ambo zilisema kwa lafudhi zisizo za hapa. Naye akizidi kwenda magharibi, akaipita Dagoretti, hufika Kikuyu, ilipo Shule ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926. Huko, chini ya mwalimu mkuu Carey Francis, ilikuwa ada kila mwaka wanafunzi kuigiza tamthilia ya Shakespeare: mwaka 1955 As You Like It, mwaka 1957 King Lear. Vijana hao walipata fasaha na taadhima, wala sioni sababu ya kuyadharau. Walakini sauti waliyofunzwa kuisifu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma Alliance miaka hiyo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 mambo yaliyotangulia jukwaa hilo, katika shule za msingi baada ya kutangazwa hali ya hatari mwaka 1952. Kwanza mtoto mmoja alikabidhiwa kifungo cha nguo, naye akampa yeyote aliyemsikia akisema lugha ya mama. Huyo naye akamwinda mwenziwe, hata jioni kifungo kikakutwa kwa wa mwisho, ambaye alitakiwa ataje aliyempa, na huyo naye ataje wake, mpaka wakosaji wote wa siku ile wakajulikana wakachapwa, au wakavishwa shingoni kibao cha kuwaita wajinga au punda. Hila hii, kwa maoni yangu, ilidhuru kuliko kiboko chenyewe, maana iliwafanya watoto kuwa wapelelezi wa ndimi za wenzao.

Mwaka 1959 likaanzishwa tamasha la drama la shule, na kwa muda tamthilia za Kiingereza ndizo zilizotawala. Mabadiliko yalikuja polepole, yakisukumwa na kaumu ya wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi: mwaka 1968 Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo, na mwaka 1974 wanafunzi wa chuo hicho wakaanza kuzunguka nchini na michezo yao wenyewe, bila kumtoza mtazamaji kiingilio. Kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977 wakulima na vibarua waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia aliyoshiriki Ngugi kuitunga, kwa Kikuyu. Idhini ikafutwa mwezi Novemba, na mwisho wa mwaka Ngugi akatiwa kizuizini.

Ila lugha si kadhia yote. Shackles of Doom, mchezo wa wasichana wa shule ya Butere uliozuiwa mwaka 2013 kwenda fainali za taifa za tamasha hilo la shule hadi Mahakama Kuu ilipouruhusu, ulikuwa kwa Kiingereza. Vivyo hivyo Echoes of War wa mwaka 2025, ambapo wasichana wa shule iyo hiyo, wakiwa Nakuru kwenye tamasha hilo bila ya hadhira yao wala mwelekezi wao, waliimba wimbo wa taifa kisha wakatoka bila ya kuigiza. Kiingereza kilichokuwa fahari ya Alliance hakikuwaokoa, kwa kuwa maudhui yalikuwa yao, na ugomvi ulikwisha kuhama kutoka ulimi kwenda kwa neno lenyewe.

Basi ikiwa mwalimu wa shule mojawapo ya Woodley au Kibra, karibu na Adams Arcade, leo atawaagiza wanafunzi watunge igizo juu ya kuikubali sauti yao, asianze kwa kuwahubiria kujipenda. Na awaulize kwanza ni nani huchekwa darasani akifungua kinywa, na kwa lafudhi ya wapi, na mchekaji wa kwanza aghalabu ni nani. Kisha awaache waandike majibu yao kwa maneno waliyoyatumia, pamoja na Sheng' yao, kabla hajaishika kalamu yake nyekundu.