Minyoo Bapa ya Samaki: Ilivyopata Majina, na Kwa Nini Yanakuhusu

Ndugu mfugaji na mfanyabiashara wa Magole, Dumila na vijiji jirani, ukikuta mnyoo kwenye samaki unauliza, "Dawa yake nini?" Anza na swali jingine: "Huyu ni mnyoo gani?" Wataalamu walihitaji miaka 200 kulijibu vizuri, na ukiifahamu historia hiyo utaokoa fedha zako.

1758: Wote kapu moja

Mwaka huo Carl Linnaeus wa Sweden alipanga wanyama wote kwa makundi. Mnyoo wa ini, yule unayemwona kwenye ini la ng'ombe machinjioni, alimweka pamoja na mnyoo mweupe kama utepe anayejaa tumboni mwa samaki wadogo. Wote akawaita Fasciola, kwa kuwa wote ni bapa.

Leo yule wa utepe anaitwa Ligula, na ni jamii ya tegu. Hupatikana kwenye dagaa wa Ziwa Victoria na usipa wa Ziwa Nyasa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ndege wala samaki, kiluwiluwi chake huliwa na mdudu mdogo wa majini, mdudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na ndege. Binadamu hayumo katika mzunguko huo. Muuza dagaa, mteja akikuonyesha utepe huo, usibishane naye. Mweleze, autoe, apike vizuri.

1858: Kutazama maisha, si umbo tu

Miaka 100 baadaye, Pierre-Joseph van Beneden wa Ubelgiji alitenganisha minyoo bapa kwa namna inavyoishi. Kuna inayohama nyumba: huanzia kwa konokono, kisha huenda kwa mnyama mwingine. Kichocho kimo humo. Clinostomum, anayeonekana kama vifuko vya njano chini ya ngozi au kwenye matamvua ya perege, naye yumo. Yeye hupita kwa konokono, samaki na ndege. Kuna pia inayomaliza maisha yake yote kwa samaki mmoja, bila kuhitaji konokono.

Hapo ndipo mfugaji anapofaidika. Vifuko vya njano hupunguzwa kwa kuondoa magugu na konokono bwawani na kuzuia ndege. Kwa kundi la pili kazi hiyo haisaidii kitu, maana mnyoo hutoka samaki hadi samaki.

Kuhesabu ndoano

Minyoo ya kundi hilo la pili mingi haifiki milimita 1, hivyo hutambuliwa kwa hadubini. Mwaka 1832 Alexander von Nordmann wa Finland alieleza Gyrodactylus, anayekaa kwenye ngozi, mapezi na matamvua. Ana ndoano kubwa 2 na ndogo 16, na huzaa mtoto ambaye tayari ana mtoto tumboni. Ndiyo maana huongezeka haraka mno samaki wakibanana.

Mwaka 1960 Ilan Paperna, akiwa Israeli, alimpa jina Cichlidogyrus, mnyoo wa matamvua ya jamii ya perege. Huyu hutaga mayai, na ana ndoano kubwa 4 na ndogo 14. Baadaye Paperna alichunguza samaki wa Afrika kwa miaka mingi, na mwaka 1979 alichapisha kitabu kizima juu ya minyoo hii.

Norway walilipa

Mwaka 1957 aina moja ya Gyrodactylus ilipewa jina Sweden. Samaki aina ya samoni wa Bahari ya Baltiki huivumilia. Ilipoingia Norway miaka ya 1970 pamoja na vifaranga walionunuliwa nje, samoni wa huko hawakuizoea. Ilienea mito kadhaa, vifaranga wakafa kwa wingi, na serikali ikalazimika kutia sumu mito mizima ili kuimaliza.

Sasa tazama kwetu. Mto Wami una perege wake wa asili. Sato si wa mto huu. Ameletwa na watu. Kifaranga husafiri na minyoo yake, na bwawa likifurika, vyote huingia mtoni. Mafuriko ya Januari 2014 yaliyokata barabara ya Morogoro–Dodoma hapa Magole hayakuuliza bwawa ni la nani.

Ufanye nini

- Kabla ya kununua vifaranga, uliza wametoka wapi. Usichukue wanaojisugua, wenye ute mwingi, au wanaohema juu ya maji.
- Wageni wakae peke yao wiki 2 hadi 3, na nyavu na ndoo zao ziwe zao.
- Usijaze samaki kupita uwezo wa bwawa.
- Inua kingo, weka wavu kwenye njia ya maji, na usimwage samaki wala maji ya bwawa mtoni.
- Usitie dawa kwa kubahatisha. Peleka samaki akiwa hai, kwenye maji yake, kwa afisa uvuvi wa wilaya au SUA Morogoro. Samaki akishakufa, minyoo mingi huachia mwili, na hutapata jibu.

Ukishajua jina la mnyoo, utajua kama utoe konokono, utenge vifaranga, au uendelee tu kuuza dagaa wako bila wasiwasi.