Shinkolobwe: Mgodi uliotoa urani ya bomu la Hiroshima bado una nini chini yake?

Takriban kilomita 20 kutoka mji wa Likasi, mkoani Haut-Katanga nchini DR Congo, kuna mgodi ambao uko kimya kwenye makaratasi tu. Unaitwa Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945 ilitoka hapa.

Ulifungwa mwaka 1960. Lakini kufungwa kwa mgodi hakumaanishi kwamba madini yameisha, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Ulianza vipi?

Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Rich Sharp. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuchimba mwaka 1921. Wakati huo urani yenyewe haikuwa na soko. Kilichotafutwa ni radiamu, iliyokuwa ghali sana kwa sababu ya matumizi yake hospitalini.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 mgodi ulisimama, mashimo yakajaa maji. Mwaka 1940, mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe ya urani hadi New York. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua, kisha likasaidia kuufufua mgodi.

Mawe hayo hayakuwa ya kawaida. Mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, wakati migodi mingi ya leo huchimba mawe yasiyofika hata asilimia 1. Hata vifusi vilivyotupwa pembeni vilikuwa na kiwango ambacho kampuni nyingi leo zingekigombania.

Kwa nini watu walirudi?

Kabla ya uhuru wa Congo mwaka 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa zege. Lakini ardhi ya Katanga haina urani peke yake. Kuna shaba, na kuna kobalti, madini yanayotumika kwenye betri za simu na magari ya umeme.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, maelfu ya wachimbaji wadogo waliingia Shinkolobwe kutafuta kobalti. Walitumia sululu, koleo na mikono, bila vifaa vya kujikinga na mionzi.

Januari 2004, Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji hapo. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu 8. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika baadaye na kuonya kuhusu mambo mawili: mgodi unaweza kuporomoka tena, na watu wanaweza kupata madhara kwa kukaa karibu na mionzi kwa muda mrefu. Waliokuwa wakiishi kando ya mgodi waliondolewa. Hata hivyo, taarifa za uchimbaji wa kificho hazikuisha.

Mgodi wa zamani hupimwaje?

Kujua kilichobaki si suala la kushuka shimoni na tochi. Kwa kawaida kazi huenda hivi:

• Kumbukumbu kwanza. Ramani na rekodi za zamani huonyesha mashimo yalipopita na mwamba ulioachwa.

• Kupima mionzi juu ya ardhi. Wataalamu hutembea na vipimo, au hutumia ndege, kuchora maeneo yenye mionzi mingi.

• Kupima vifusi. Mabaki ya zamani yako juu tayari, na mara nyingi teknolojia ya enzi hizo haikuweza kutoa madini yote.

• Kuchoronga. Mashine hutoboa mwamba na kutoa sampuli za kupelekwa maabara.

• Kupima maji na hewa. Urani inapooza hutoa radiamu, kisha gesi ya radoni. Gesi hii haina harufu wala rangi, hujikusanya kwenye mashimo yasiyopitisha hewa, na huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Baada ya hapo ndipo hesabu hufanyika. Madini kuwepo ni jambo moja, kuyatoa kwa faida ni jambo lingine. Gharama ya kunyonya maji, kuimarisha mashimo na kusafisha eneo zima lazima iingie humo.

Tatizo la mchanganyiko

Shinkolobwe ina ugumu wa ziada: kobalti na shaba zimeshikana na urani. Jiwe linalouzwa kama kobalti linaweza kubeba mionzi hadi kwenye gunia, lori na kiwanda. Kwa macho, mchimbaji hawezi kujua. Bila kipimo, naye mnunuzi hajui.

Mwaka 2009, serikali ya Congo ilisaini makubaliano na kampuni ya Kifaransa ya Areva kuhusu utafutaji wa urani nchini humo. Makubaliano hayo hayakuifufua Shinkolobwe.

Kifupi, hakuna anayebisha kwamba kuna kitu chini. Hesabu ngumu ni ya nani atalipia usafi wa eneo, nani atapima afya za waliokwisha kuchimba, na familia za Likasi zinazotegemea kuchimba zitakula nini uzio ukiwekwa. Nusu ya urani iliyopo itachukua miaka bilioni 4.5 kuoza. Kuusubiri mgodi huu upoe wenyewe si mpango.