Mazungumzo ya Mauti katika Tungo Mbili za Pwani

Mauti hayana hiari, lakini maneno yasemwayo mbele ya mauti yana hiari nyingi. Mtu aweza kunyamaza, aweza kuomboleza, aweza pia kuyafanya mauti kuwa taa ya kuutazamia uhai. Visiwa vya Lamu katika karne ya 19 viliacha tungo mbili zilizoshika njia hii ya tatu. Ya kwanza ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne hiyo. Ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858. Aghalabu tungo hizi husomwa mbali mbali: ile huitwa mawaidha, na hii huitwa mafunzo ya ndoa. Zikisomwa pamoja, huonekana kuwa ni mazungumzo ya namna moja yaliyoelekezwa kwa wasikilizaji wawili.

Sayyid Abdalla anasema na moyo wake. Anausuta kwa kupenda dunia isiyodumu, na kwa kuwa moyo haukinaishwi na hoja tupu, anauonyesha mji. Pate ulipata utajiri kwa biashara ya bahari, na wakuu wake walijenga majumba ya mawe. Fitina na vita viliudhoofisha. Kushindwa katika vita vya Shela, yapata mwaka wa 1812, kulizidi kuuangusha. Mshairi anapita katika majumba hayo. Kwanza anayajaza tena: taa zinawaka, vyombo vya kauri vimepangwa katika vidaka, wakuu wanatembea kwa maringo, watumishi wanawapepea walalao. Kisha anayaonyesha yalivyobaki: popo wamo vyumbani, wadudu wanalia mahali palipokuwa na mazungumzo, na majani yameota nyuani. Waliomiliki haya wamo kaburini.

Kwa juu juu huu ni wito wa kuichukia dunia, na sehemu ya mwisho, itajayo adhabu za Jahanamu, yaitia nguvu fikira hiyo. Lakini mtu aichukiaye dunia hahesabu taa zake. Uzuri wa Pate umehifadhiwa na utungo ule ule uukanyao moyo usiutegemee. Jina lenyewe la utungo ni neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka. Na kinachofunuliwa si ubaya wa vitu, bali usingizi wa moyo uliovitazama bila kujua kuwa vina mwisho.

Mwana Kupona binti Mshamu hakuhitaji magofu ya kumkumbusha. Maradhi yalikuwa yamemshika kwa mwaka mzima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeyapinga majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840, alikuwa amekwisha kufariki. Binti yao, Mwana Hashima, alikuwa bado kijana. Mama anamwita akaribie, akae, alete wino na karatasi. Katika mwanzo huo hatakiwi mganga wala mwombolezaji. Vinatakiwa vyombo vya kuandikia.

Na asemayo ni mambo ya uhai. Anaanza na dini, kisha adabu, ukweli na uaminifu. Anaeleza namna ya kukaa na mume; na katika habari hiyo mwanamke aliye karibu na kaburi anawapa nafasi hina, manukato, mapambo na usafi wa nyumba. Anakumbuka jinsi yeye na marehemu walivyoishi bila ugomvi, hata mume akaaga dunia akiwa radhi naye. Kisha anawakabidhi watoto na ndugu zake kwa Mungu.

Werner na Hichens, walipouchapisha utendi huu kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1934, waliupa jina lililoweka mbele wajibu wa mke. Wasomaji wa baadaye wamebishana katika mpaka huo huo: wengine wameona kudunishwa kwa mwanamke, wengine wameona hekima iliyofichwa ndani ya utii. Ubishi huo una haki yake, kwani utii kwa mume umetiliwa mkazo mkubwa, wala hapana tafsiri iwezayo kuufuta. Lakini asahauye kitanda cha mgonjwa ameusoma utendi nusu. Mama huyu hakukaa kutunga sheria ya ndoa. Alitafuta njia ya kuendelea kumlea mtoto ambaye punde angebaki bila mama, na malezi aliyoyajua ndiyo aliyoyatoa.

Basi tungo hizi hukutana na kuachana. Sayyid Abdalla huanzia kwenye vitu akaishia kaburini. Mwana Kupona huanzia kwenye kitanda cha mauti akarudi kwenye vitu. Kwa mmoja, taa na mapambo ni vya kuagwa. Kwa mwingine ni vya kukabidhiwa. Wote wawili waliiamini Akhera. Tofauti yao ni ya msikilizaji: moyo uliozoea starehe huhitaji kuamshwa, na binti aliye mwanzoni mwa maisha huhitaji kushikwa mkono.

Mwana Kupona alifariki yapata mwaka wa 1860. Utendi alioutungia binti mmoja ulikuwa umekwisha kuwaalika wanawake wote wausome, na wanawake wa Lamu waliupokea mwaliko huo.