Birika lisiloganda
Birika lisiloganda ni chombo cha kunyweshea mifugo kilichoundwa ili maji yake yasigeuke barafu wakati wa baridi kali ingawa hakitumii umeme wala mafuta, na hutumika katika nyanda za Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambako halijoto huweza kushuka chini ya nyuzi -30 za Selsiasi. Aina iliyo nafuu hutengenezwa kwa tairi kuukuu la mtambo wa migodini, kwa kuwa mpira wake mnene huchelewesha upotevu wa joto na weusi wake hufyonza mionzi ya jua. Katikati yake husimikwa bomba pana linaloshuka hadi kupita kina cha mgando, yaani kina ambacho chini yake ardhi haigandi, ili joto la udongo liyafikie maji. Sehemu kubwa ya uso wa maji hufunikwa dhidi ya upepo. Jambo linalopuuzwa mno ni idadi ya wanyama: kundi kubwa, kwa kunywa mara kwa mara, huvuta maji mapya yenye joto zaidi kutoka ardhini, ilhali birika la ng'ombe wachache huweza kuganda usiku mmoja. Ng'ombe aliyekosa maji hupunguza kula, na chakula kikipungua hupungua pia joto la mwili analolihitaji ili kuihimili baridi hiyo.