Utambulisho wa Kikatoliki shuleni

Utambulisho wa Kikatoliki shuleni ni namna imani inavyoongoza ufundishaji, malezi na uendeshaji wa shule. Kanuni ya 803 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inadai mafundisho yenye msingi wa Kikatoliki na walimu waadilifu. Kwa hiyo msalaba ukutani hautoshi kuwa kipimo. Tathmini ya kweli huangalia pia jinsi mwalimu anavyomrudi mwanafunzi, na jinsi mtoto aliyekosa karo anavyopokelewa. Wapo wanaohofu kwamba kuimarisha utambulisho huo kutawabagua wanafunzi wa dini nyingine. Hofu hiyo ina uzito, lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko lake la 1965 kuhusu elimu, ulizienzi shule zinazopokea wasio Wakatoliki. Na kwa kuwa utambulisho huo huonekana hasa katika mwenendo wa mwalimu kwa kila mwanafunzi, kinachoimarishwa kwanza ni malezi ya walimu.